Namba Kwenye Mialoni ya Custódio

Shoka lenyewe halikuwa na ajabu yoyote. Nyumbani kwake Custódio alikuwa na mashoka matatu, yote makali kuliko lile, na mipini yake ameichonga mwenyewe. Lakini Jumapili ile, Mama mdogo Felisbela alipolitoa shoka la babu uvunguni mwa kitanda chake, akalipangusa vumbi kwa aproni na kumkabidhi Amílcar mezani mbele ya watu, Custódio aliweka kijiko chini na supu ikamshinda.

Felisbela alimwona. Ana miaka themanini na sita na bado anaona kila asichotakiwa kuona.

"Wewe unayo matatu," akamwambia. "Huyu hana hata la kuchanjia kuni."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Amílcar alikuwa mtoto wa mama yake mdogo mwingine, ambaye sasa ni marehemu, na Custódio alimzidi miaka saba. Alikaa Ufaransa miaka thelathini akipaka rangi nyumba za watu, kisha akastaafu na kurudi Corte Seca na gari la kijivu, meno mapya, na tabia ya kumsalimia kila mtu kwa jina, mpaka mbwa. Kijijini walimwita Mfaransa, na walimwita hivyo kwa mapenzi. Custódio, ambaye hajawahi kutoka kwenye milima ya Caldeirão ila alipokwenda jeshini, hakuwa na jina la utani hata moja. Hilo nalo lilimkera.

Tusimsingizie. Katika jambo moja Custódio hakuwa na wa kumfikia, nalo ni kuchuna mialoni. Milimani kule mwaloni haukatwi, unavuliwa gome lake nene linalokwenda kufanywa vizibo vya chupa, kisha unaachwa uote jingine. Mchunaji anapiga shoka kufuata ufa wa gome huku anasikiliza. Sauti ikitoka tupu, kama mtu amegonga mtungi, gome limeachia. Anageuza shoka, anachomeka ncha ya mpini iliyochongwa kama kabari, anabandua. Sauti ikiwa fupi na nzito, anauacha mti, maana akilazimisha ataikata nyama ya ndani na mti utabaki na kovu maisha yake yote. Kwa miaka arobaini Custódio hakuwahi kujeruhi mti. Watu walikuwa wakitoka mbali kuja kumwangalia anavyofanya kazi, na alijua wanamwangalia.

Bonde la babu lilikuwa na pande mbili, katikati kijito. Upande wa jua ulimwangukia mama yake Custódio, upande wa kivuli mama yake Amílcar, na gome la upande wa kivuli lilikuwa zuri zaidi, limekaza, halina vitobo. Hakuna mnunuzi aliyepita bila kulisema hilo. Enzi za babu pande zote zilichunwa pamoja, kiangazi kimoja, kwa karamu moja. Halafu wale madada wawili wakagombana kwa ajili ya nyumbu, kila mmoja akawa anachuna kivyake, na tangu hapo upande wa kivuli ukawa unatangulia mwaka mmoja.

Gome hungojewa miaka tisa. Ndiyo sheria, na kabla ya sheria ndiyo ilikuwa desturi. Ili mtu asijisahau, au asijifanye amesahau, mti ukishachunwa hupakwa rangi nyeupe kwenye shina lililo uchi: tarakimu ya mwisho ya mwaka ule. Mialoni ya Amílcar ilikuwa na nne. Ya Custódio ilikuwa na tano. Kwa hiyo kiangazi hiki kilikuwa cha Amílcar, na cha Custódio ni kijacho.

Mara ya mwisho kuchuna upande wa jua, miaka minane nyuma, Amílcar alikuwa amekuja likizo. Kwa kuwa kazi yake ni rangi, walimpa kopo na brashi amfuate Custódio mti kwa mti. Alikuja amevaa viatu vya ngozi vya kahawia, vya Kifaransa, na Custódio, miguuni ana vyake vilivyotiwa viraka, aliviangalia viatu vile siku nzima. Alichokumbuka kuhusu kiangazi kile ni viatu tu, na jinsi alivyocheka rangi ilipovidondokea.

Sasa ilikuwa Mei, na Amílcar alikuja mlangoni na chupa ya medronho, ile pombe kali ya matunda ya mlimani, chini ya kwapa. Custódio alimwona kupitia dirishani akaingia stoo.

"Mwambie niko shambani," alimnong'oneza mkewe.

Idalina alikwenda akasema hivyo, akarudi akamkuta amekaa juu ya gunia la viazi.

"Anataka mzungumze habari za kuchuna," alisema.

"Najua anachotaka. Anataka kuniajiri. Mimi, nimchunie Mfaransa miti ya babu yangu kwa ujira wa siku, yeye amesimama na shoka asilojua hata kulishika."

"Hakusema kuajiri."

"Ungesikia nini wewe."

Idalina alimwambia aangalie asikalie viazi vya mbegu, akaenda zake. Amílcar alikuja tena mara mbili. Mara zote mbili Custódio alikuwa shambani, yaani stoo.

Kilichomkaba si ujira. Ni picha aliyokuwa akiiona: malori ya mnunuzi yamepanga foleni mbele ya nyumba ya Amílcar, wachunaji wanakula mbuzi wa Amílcar, wazee wanasema gome la Mfaransa ni zuri, Mfaransa ana bahati, Mfaransa ana moyo. Kiangazi kizima. Na yeye, mwenye kazi yake, angoje mwaka. Alijaribu kungoja. Alingoja siku kumi na moja, halafu akaenda ng'ambo ya mlima kutafuta wachunaji sita wasiomjua.

Wakaanza Juni mapema. Mti wa kwanza tu, mmoja wa wale wageni alisita, akaelekeza shoka kwenye tarakimu.

"Mzee, hii si tano?"

"Nne," Custódio alisema. "Mpakaji alikuwa mlevi."

Wakacheka wakaendelea. Gome lenye tarakimu lilipobanduliwa, ushahidi ulikwenda nalo. Custódio alipaka tatu kwenye mashina yaliyo wazi kwa mkono wake mwenyewe, tatu nzuri, kubwa, mti baada ya mti, mpaka mtelemko wa jua wote ukawa na mashina mekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Magome akayapanga, tarakimu zimelala chini, kando ya barabara pale ambapo kila mtu lazima apite. Mnunuzi alipima unene kwa kidole na kusema ni jembamba kidogo kwa miaka tisa. Custódio akasema ni ukame.

Amílcar alikuja kuangalia. Custódio alikuwa akiisubiri siku hiyo kuliko siku ya malipo. Alijipanga, mikono kiunoni, akamtazama usoni atafute japo tone la uchungu.

Amílcar alizunguka rundo la magome, kisha akaingia mtelemkoni akasimama mbele ya mwaloni mmoja. Aligusa ile tatu kwa kidole, akaufuatisha mchoro wake mpaka mwisho.

"Kazi safi, kaka," alisema mwishowe. "Kwa shoka huna mpinzani."

Akaenda. Custódio alibaki amesimama, na furaha yake ikawa kama chakula kilichosahauliwa chumvi. Lakini siku zilipopita na Amílcar asichune, aliipata tena. Juni ikaisha, Julai ikaingia, upande wa kivuli umevaa magome yake na tarakimu zake za nne zilizofifia. Mfaransa amezembea, Custódio aliwaambia watu kilabuni. Hajui hata gome linaachia lini, mwacheni na meno yake. Julai ile alikuwa mtu wa raha. Idalina alimsikia akiimba bafuni na akapata wasiwasi.

Moto ulikuja Agosti, siku ya tatu ya upepo wa mashariki. Ulianzia ng'ambo ya mlima, hakuna aliyejua kwa nini, na kufikia saa tisa mchana moshi ulikuwa umelifunika jua. Askari wakawapandisha watu kwenye mabasi, Mama mdogo Felisbela na kuku wake wawili ndani ya kikapu, wakapelekwa kulala shuleni mjini. Siku mbili hawakujua kilichobaki. Nyumba, kumbe, zilibaki. Upepo uligeuka mita mia mbili kabla ya kisima.

Bonde halikubaki. Custódio aliteremka asubuhi ya tatu, soli za viatu zinapata joto, akakuta kila kitu cheusi. Vichaka vimekuwa vijiti. Mashina yake mekundu yalikuwa yamepasuka, yanavuja maji meusi kama usaha. Akainua macho ng'ambo ya kijito kutazama upande wa kivuli, nao ulikuwa mweusi vilevile, hauna jani.

Akafurahi. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Miti yake imekufa, lakini ya Mfaransa pia imekufa. Aibu ilikuja baadaye, na haikuwa kubwa.

Mwezi Septemba alikwenda kumrekebishia Felisbela bomba la jikoni. Bibi huyo alikuwa anamenya maharage. Kisha akaanza kumweleza kwamba mlima huu umeungua mara nne machoni pake, na mara zote nne umerudi. Mbegu za esteva, kile kichaka kinachonata, zinalala udongoni zikingoja moto uzipasue. Mti wa medronho unaungua mpaka chini na unaanza upya kwenye mzizi. Wanaokuja kutoka mjini huangalia majivu wakalia, alisema, wangejua kwamba yale maua meupe wanayoyapiga picha masika yametoka humohumo.

"Na mwaloni," akasema, "mwaloni ndio mjanja wao. Wenyewe hauhitaji kuanza upya, unavaa tu. Unafikiri lile gome Mungu aliliweka kwa ajili ya chupa za matajiri? Ni koti. Moto unapita, unachoma koti, mtu yumo ndani mzima."

Custódio aliendelea kukaza bomba.

"Ya Amílcar ilikuwa na koti la miaka tisa," bibi alisema. "Yako uliivua Juni."

"Ulikuwa wakati wake."

"Sikukuuliza kama ulikuwa wakati wake." Akatupa ganda ndooni. "Unajua kwa nini hakuchuna? Alikuwa anakungoja wewe. Alitaka mwakani, zamu yako ikifika, bonde lichunwe pande zote pamoja kama enzi za baba, na shoka la kwanza uwe wewe. Alinijia hapa anafurahi kama mtoto, na ulipochuna peke yako hamu ikamwishia. Mara tatu amekuja kwako na chupa. Ulikuwa wapi?"

Custódio alisema alikuwa shambani.

Mvua za Oktoba zikanyesha, na ikawa kama bibi alivyosema, jambo ambalo lilimkasirisha peke yake. Wiki ya pili, juu kabisa ya mialoni ya Amílcar, kwenye matawi meusi kama mkaa, vilitokea vijani. Wiki ya nne ulikuwa ukungu wa kijani. Kufikia Krismasi upande wa kivuli ulikuwa na vilele vibichi juu ya mashina yenye masizi, na watu waliteremka kuutazama, na kusema Mfaransa ana bahati, Mfaransa ana moyo.

Custódio alikuwa akiteremka kila asubuhi. Aligonga mashina yake kwa mpini akasikiliza, mmoja mmoja. Sauti zilikuwa kavu, za mbao. Kisha alisimama ukingoni mwa kijito na kukodoa macho upande wa pili. Aliomba baridi kali. Aliomba wadudu. Kulipoota esteva changa maelfu kwa maelfu kwenye majivu yake mwenyewe alizichukia nazo, maana hata vichaka vilikuwa vimepona isipokuwa yeye. Idalina akaacha kumuuliza anakokwenda. Chakula alikuwa akikichokonoa tu, na kila Amílcar alipomsalimia barabarani, "Umeamkaje, kaka?", alijibu kwa kidevu.

Asubuhi moja ya Machi alichukua shoka lake kali kuliko yote na kuvuka kijito.

Nia yake ilikuwa mti mmoja tu. Alijiambia hivyo njiani kote. Mmoja, auzungushie shoka chini, akate gome na nyama pande zote, uende ukikauka taratibu mpaka kiangazi. Katika mlima ulioungua nani angeuliza? Mikono yake ilikuwa haijawahi kujeruhi mti. Akachagua ulio mzuri zaidi, mnene, wenye kilele kama kitunguu kibichi. Akapanga miguu. Akainua shoka.

"Kaka!"

Amílcar alichomoza nyuma ya shina, mkate mkononi na kipande cha soseji kwenye kisu. Alikuwa amekaa upande ule anakula.

"Umekuja na shoka kabisa," alisema, uso wote meno. "Kwa hiyo Mama mdogo amekwambia."

Custódio aliteremsha shoka. "Ameniambia nini?"

"Habari za machipukizi."

"Machipukizi gani?"

"Ya kwako, kaka. Kwani hujayaona?"

Hakuwa ameyaona. Miezi yote ile alikuwa akiangalia ng'ambo, na alipoangalia miti yake aliangalia juu, kwenye matawi, alikotaka majani yatokee kama ya mwenzake. Amílcar aliliokota shoka la babu nyuma ya shina, akamtangulia kuvuka kijito, akapiga magoti kwenye mwaloni wa kwanza, akatenga esteva kwa mikono. Chini kabisa, pale shina linapoingia udongoni, kulikuwa na vijiti vinane au tisa vya kijani, urefu wa kidole, majani yana miiba laini. Mwaloni wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulikuwa umekufa kweli. Wa nne ulikuwa nayo.

"Niliuliza watu," Amílcar alisema. "Haya mashina yaliyokufa yakikatwa chini kabisa, mizizi itasukuma kwa nguvu. Lakini mimi nitayavunja machipukizi, unanijua nilivyo. Nilikuwa nakungoja wewe."

Custódio alipiga hesabu ambayo kila mtu milimani anaijua. Miaka ishirini na mitano mpaka uchunaji wa kwanza, na gome la kwanza halifai kitu. Zaidi ya arobaini mpaka gome la vizibo. Alikuwa na miaka sitini na minne.

"Hatutayaona," alisema.

"Hatutayaona," Amílcar alikubali, akamnyooshea shoka la babu. "Tumia hili. Mikononi mwangu linaona haya."

Ndiyo mara ya kwanza kulishika tangu utotoni. Lilikuwa zito upande mmoja, na mpini wake umepinda. Lilikuwa baya kuliko yote matatu aliyonayo.

Walifanya kazi mpaka jua likapita utosi. Custódio alikata, Amílcar akayavuta magogo pembeni na kuyaangalia machipukizi yasikanyagwe, na hawakuzungumza sana. Mti wa mwisho ulikuwa chini, karibu na mwamba, na mwamba uliukinga upande mmoja. Hapo rangi haikuungua. Tatu ilikuwa imesimama pale, nyeupe, kubwa, safi.

Amílcar aliiangalia. Kisha akaangalia kijito.

"Huu ulikuwa na ngapi kabla?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshazoea mahali pale. Custódio alitazama machipukizi, akatazama shoka.

"Tano," alisema. "Yote ilikuwa na tano. Niliwaambia wale wachunaji kwamba mpakaji alikuwa mlevi."

"Alikuwa mlevi kidogo," Amílcar alisema. "Lakini ilikuwa tano."

Akanyoosha mguu. Kiatu kilikuwa kimechakaa, kisigino kimelalia upande, ngozi ya kahawia imekuwa rangi ya udongo, kiatu cha shamba tu sasa. Juu ya vidole kulikuwa na matone matatu ya rangi nyeupe.

Custódio aliyatambua matone yale, na safari hii akakumbuka nani alikuwa ameshika brashi.

"Ulijua tangu Juni," alisema. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshachuna. Halafu ulikuwa na furaha, kaka. Sijawahi kukuona na furaha vile."

Custódio alitafuta usoni mwake dharau, akatafuta ushindi, akatafuta chochote ambacho angeweza kukichukia kwa amani, na hakukiona. Wivu haukumtoka hata hapo. Alimwonea gere kwa kujua jambo lile miezi tisa yote na bado akapata usingizi. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Akalishika vizuri shoka la babu, akainama, akaukata ule mti chini kabisa, juu kidogo ya udongo, na hakuna chipukizi hata moja alilolijeruhi.